Sababu ya Kila Hatua: Kuchagua Nyenzo za Kujifunzia Sataranji ya Mkao

Mchezaji wa sataranji aliyekwisha kuzizoea kanuni, aliyetatua mafumbo mengi ya kumnasa mfalme na ambaye hapotezi tena ngome kwa uzembe, hufika mahali akakwama. Kete zimetoka zilikoanzia, mfalme amejificha salama, hakuna cha kupiga wala cha kukimbia, na zamu ni yake. Asogeze nini? Wengi husogeza chochote kisichodhuru, kisha hatua ishirini baadaye hujikuta wamebanwa na wasijue walikosea wapi. Elimu inayojibu swali hilo ndiyo mchezo wa mkao: kuiweka kila kete mahali inapofanya kazi zaidi, kutambua miraba ambayo mpinzani hawezi tena kuilinda kwa askari, kujua kete ipi ibadilishwe na ipi ibaki, na kukusanya faida ndogondogo mpaka zizae kubwa. Anayeitafuta leo hana tatizo la uhaba. Vitabu ni mamia, video ni maelfu, na kila mwalimu anasifu njia yake. Tatizo lake ni kuchagua, na maoni yangu ni kwamba kuna kipimo kimoja kinachofaa kuliko vingine vyote. Nyenzo nzuri ni ile inayokuonyesha pambano zima, inayokueleza kwa maneno sababu ya hatua zake, na inayokupa nafasi ya kuamua mwenyewe kabla ya kuambiwa jibu. Ukishapata moja ya namna hiyo, inakutosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Msingi wa maoni haya ni utafiti wa namna magwiji wanavyofikiri. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, aliwaweka wachezaji wa ngazi mbalimbali, wakiwemo mabingwa wa dunia, mbele ya mikao ya kete na kuwataka wafikiri kwa sauti. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1946. Watu walitarajia kuona kwamba bingwa huhesabu hatua nyingi zaidi na mbali zaidi kuliko mchezaji mzuri wa kawaida. Tofauti kubwa haikuonekana hapo. Ilionekana mwanzoni kabisa: bingwa aliziangalia hatua zilizofaa tangu awali, na zile za ovyo hazikumjia hata kichwani. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliendeleza kazi hiyo kwa jaribio la kumbukumbu. Waliwaonyesha wachezaji mkao kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya. Mkao ulipotoka kwenye pambano halisi, gwiji alimwacha mwanafunzi mbali sana. Kete zilipotawanywa bila mpango, ubora wake ulikaribia kutoweka, ingawa tafiti za baadaye zilionyesha kwamba bado anabakiwa na faida kidogo. Maana yake ni kwamba gwiji hana kumbukumbu ya ajabu ya jumla. Anachokuwa nacho ni akiba kubwa ya mafungu ya kete anayoyatambua kama mtu anavyotambua sura za ndugu zake, na kila sura imekuja na habari zake: hapa hupigwa hivi, hapa farasi huelekea kule.

Tukikubali hilo, uteuzi wa nyenzo unabadilika. Orodha ya kanuni haimpi msomaji akiba hiyo. Kuambiwa kwamba farasi akae katikati, au kwamba ngome iende kwenye safu iliyo wazi, ni kweli, lakini ni kweli isiyokuwa na sura. Safu zilizo wazi zinaweza kuwa mbili, ipi? Farasi anaweza kukaa katikati na akafukuzwa na askari hatua inayofuata. Vilevile mafumbo ya kupiga na kunasa, kwa manufaa yake yote, huanza pale kazi ya mkao ilipokwisha kufanywa na mtu mwingine. Sura zinazohitajika hupatikana katika mapambano kamili, na njia bora ya kuzipanga kichwani ni kwa mpangilio wa askari, kwa sababu askari harudi nyuma. Kete nyingine zote zinaweza kubadili mawazo. Askari akishasogea amekata shauri kwa pambano zima, na mpangilio wao ndio unaoamua kete nyingine zielekee wapi.

Chukua mpangilio unaoitwa wa Carlsbad, kwa jina la mji wa Bohemia ulioandaa mashindano mashuhuri mwanzoni mwa karne ya 20. Hutokea mara nyingi katika ufunguzi wa Kafara ya Malkia, Mweupe anapobadilishana askari kwenye d5. Mweupe anabaki na askari kwenye d4 na e3, Mweusi kwenye d5 na c6. Upande wa malkia Mweupe ana askari wawili tu, a na b, na Mweusi ana watatu. Mtu asiye na mazoea angesema Mweupe asiguse upande huo ambao amezidiwa idadi. Wajuzi hufanya kinyume. Humtuma askari wa b mpaka b4, kisha b5, ili amgonge yule wa c6. Mweusi akimla, askari wake wa d5 anabaki bila mwenzake wa kumlinda. Akisubiri mpaka Mweupe amle yeye, anabaki na askari wa c6 aliyechelewa nyuma, kwenye safu ambayo ngome za Mweupe zimekwisha kuikalia. Ni mpango wa hatua kumi na zaidi, hauna mtego wala kafara, na hakuna fumbo litakalokufundisha. Mweusi naye ana majibu yake: farasi apitie d6 mpaka c4 kuziba njia, au kete zielekezwe upande wa mfalme wa Mweupe kabla askari wa b hajafika. Mtu aliyepitia mapambano kumi ya mpangilio huu, akayaelewa, hatajiuliza tena asogeze nini anapoufikia. Aliyesoma mapambano mia ya mipangilio mia atakuwa amepata burudani tu.

Basi nianze na anayeanza. Kitabu cha Irving Chernev, Logical Chess: Move by Move, kilichotoka mwaka 1957, kina mapambano 33 na kinaeleza kila hatua, hata ile ya kwanza. Wapo wanaokilaumu kwamba kinarudiarudia, na kwamba mwandishi humsifu mshindi kwa kila alichofanya. Lawama ya pili ina ukweli. Ya kwanza mimi naiona kuwa ndiyo faida yake, kwa sababu akiba ya sura hujengwa kwa kurudia. Msomaji akikutana kwa mara ya tano na maelezo ya kwa nini askari wa h asisogezwe bila sababu mbele ya mfalme aliyejificha, hapo ndipo yanaanza kukaa. Pembeni yake kiwekwe Chess Fundamentals cha José Raúl Capablanca, kilichochapishwa mwaka 1921, mwaka aliotwaa ubingwa wa dunia. Hiki kinapatikana bure kihalali kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Capablanca hasemi mengi, na huenda ukamwona mkavu, lakini anaanza kwa mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache, ambapo thamani ya kila kete inaonekana bila kufichwa na nyingine. Pambano lake na Savielly Tartakower huko New York mwaka 1924 linatosha kuonyesha hekima ya njia hiyo. Zikiwa zimebaki ngome na askari, Capablanca alimpeleka mfalme wake mbele na kumwachia mpinzani askari wawili, wote wawili wakiliwa huku mfalme wake akitishiwa, ili mfalme huyo afike f6, karibu na askari wake aliyekuwa njiani na ngome iliyokwisha kujikita kwenye mstari wa saba. Aliyeelewa pambano hilo ameelewa kwamba kete hai ina uzito kuliko idadi, na ataanza kuliona jambo hilo hata malkia wakiwa bado ubaoni.

Hatua inayofuata ni How to Reassess Your Chess cha Jeremy Silman, hasa toleo la nne la mwaka 2010. Silman anamfundisha msomaji kuhesabu tofauti zilizopo kati ya pande mbili, kama vile askofu dhidi ya farasi, nafasi kubwa dhidi ya ndogo, askari dhaifu au safu iliyo wazi, kisha ajenge mpango juu ya tofauti hizo. Ni kinene na kina maneno mengi, lakini maneno ndiyo tunayoyatafuta. Kwa aliyepanda zaidi, Chess Structures cha Mauricio Flores Ríos, cha mwaka 2015, kimepangwa kabisa kwa mipangilio ya askari, mmoja baada ya mwingine, na kila mpango umeonyeshwa kwa mapambano yaliyochezwa. Endgame Strategy cha Mikhail Shereshevsky kinafaa kwa yule anayeshindwa kuumaliza mchezo alioushika vizuri. Na kitabu cha David Bronstein cha mashindano ya Zürich ya mwaka 1953, chenye mapambano 210, ni hazina ya mtu atakayekuwa na subira ya miaka. Humo limo pambano ambalo Tigran Petrosian alitoa ngome yake kwa hiari ili apate mraba mmoja wa farasi dhidi ya Samuel Reshevsky. Sisemi vinunuliwe vyote. Kimoja, kinacholingana na uwezo wako wa leo, kisomwe mpaka mwisho.

Namna ya kukisoma ina uzito sawa na uteuzi wenyewe. Panga kete kwenye ubao wa kweli, chagua upande wa mshindi, funika ukurasa kwa karatasi na uifunue hatua moja moja. Ufunguzi ukishapita, jiulize kabla ya kila hatua ya upande wako: ningecheza nini, na kwa nini? Andika hatua na sababu yake katika mstari mmoja, kisha ufunue. Ukipatia hatua lakini sababu yako ni nyingine, hesabu kwamba hujapatia. Ukikosea, usikimbilie mbele. Kaa hapo uone mwandishi ameona nini ambacho wewe hukukiona. Pambano moja kwa namna hii linaweza kuchukua saa mbili, na mawili kwa juma ni mwendo mzuri. Anayetazama video ya gwiji akieleza pambano hilohilo kwa dakika kumi na tano atahisi ameelewa zaidi, kwa sababu maelezo yanateleza bila kumzuia, lakini hajalazimika kuamua hata mara moja, na kwenye mashindano kazi yake itakuwa ni kuamua tu. Video si adui. Isimamishe kila kabla ya hatua muhimu, ujibu kwanza, nayo itakuwa nyenzo kama kitabu.

Pingamizi la kwanza ni lile la walimu wengi: kwamba mchezaji wa ngazi ya chini hushindwa kwa kupoteza kete bure, si kwa kukosa mpango, kwa hiyo asihangaike na mkao mpaka apande. Nusu yake ni sahihi, na niiseme bila kuzunguka. Anayeacha kete ipotee bure katika kila pambano anahitaji mafumbo kila siku kuliko kitu kingine chochote, na Silman atampotezea muda. Lakini wengi wanaoambiwa hivyo wameshavuka hapo, nao wanaendelea kutatua mafumbo kwa sababu yanatoa alama na kupandisha namba, huku kusoma pambano hakutoi zawadi ya aina hiyo. Tena mapigo hayadondoki kutoka mbinguni. Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia aliyetambuliwa rasmi mwaka 1886, alifundisha kwamba shambulio halina haki ya kufaulu mpaka mlingano wa mkao uwe umevunjika kwanza. Farasi aliyekita kwenye e5 huku ngome zikishika safu iliyo wazi ndiye anayeleta mafumbo. Mwenye kete zilizolala hapati la kutatua. Dakika ishirini za mafumbo na saa moja ya pambano vinaweza kukaa katika siku moja bila kugombana.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Siku hizi simu ya kawaida hubeba Stockfish, injini ya bure inayomshinda bingwa yeyote aliye hai. Kwa nini nisome maneno ya binadamu aliyekosea, na jibu sahihi ninalo kiganjani? Fikiria pambano la magwiji Anatoly Karpov na Wolfgang Unzicker kwenye Olimpiadi ya Nice, Ufaransa, mwaka 1974. Safu ya a ilikuwa wazi na ngome za pande mbili zilikuwa zinaelekea kubadilishana humo. Karpov akamweka askofu wake a7, ndani kabisa ya eneo la mpinzani, mahali ambapo hatishi chochote. Alichokifanya ni kuifunga safu hiyo kama pazia: ngome za Mweusi hazikuweza tena kushindana, na nyuma ya pazia Karpov akazipanga ngome zake kwa utulivu, akijua kwamba siku atakapomwondoa askofu, safu itakuwa yake peke yake. Injini inaweza kuipa hatua hiyo namba nzuri, na pengine ikaipa hatua nyingine namba inayokaribiana nayo. Haitakuambia habari ya pazia. Wazo hilo, likiingia kichwani kwa maneno, unaweza kulitumia mwezi ujao kwenye safu ya c dhidi ya mtu ambaye hajasikia jina la Karpov. Namba ile inakufa na mkao ule. Kwa hiyo iweke injini mwishoni: ukishaandika mawazo yako na kuyalinganisha na ya mwandishi, iulize kama nyote wawili mmekosa pigo fulani. Katika kazi hiyo haina mpinzani, na itaufichua udhaifu wa Chernev katika dakika moja.

Kuna na wanaosema vitabu vya zamani vimepitwa na wakati. Mfano wao mkubwa ni My System cha Aron Nimzowitsch, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1925 na bado kinauzwa duniani kote. Mafundisho yake kuhusu kumzuia askari aliyefunguka njia, au kuingiza ngome kwenye mstari wa saba, yanasimama mpaka leo. Mengine, kama kulinda mraba muhimu kuliko unavyohitaji kulindwa, wachambuzi wengi wanaona aliyatia chumvi. John Watson aliandika kitabu kizima mwaka 1998 kuonyesha jinsi wachezaji wa kisasa wanavyozivunja kanuni za kale pale mkao unaporuhusu: askofu aliyeitwa mbaya akalinda askari wema, askari waliopangana wawili kwenye safu moja wakawa nguvu. Naukubali ushahidi wake. Lakini ukiutazama vizuri, unaangusha orodha za kanuni, na mapambano yenyewe yanabaki yamesimama. Petrosian asingeweza kuitoa ngome kwa ajili ya mraba mmoja kama asingekuwa anajua kwa undani thamani ya ngome na ya mraba huo. Nimzowitsch asomwe baada ya Silman, taratibu, msomaji akiuliza kila mara kama pambano linathibitisha dai.

Linabaki suala la fedha na lugha, ambalo kwa msomaji wa Mwanza au Bujumbura si dogo. Vitabu hivi vinapatikana kwa Kiingereza, na cha karatasi kikiagizwa kutoka nje, gharama ya kukisafirisha inaweza kukaribia bei yake. Ndiyo maana nimekiweka kile cha Capablanca miongoni mwa vya mwanzo. Kwenye maktaba hiyohiyo ya bure kipo pia Chess Strategy cha Edward Lasker, ambacho kinafuata mantiki ya mpangilio wa askari. Mtandao wa Lichess hauna ada wala matangazo, na una hazina ya mapambano ya magwiji unayoweza kuitafuta kwa mkao: ingiza hatua za ufunguzi mpaka ufike Carlsbad, nawe utaona waliopita njia hiyo. Jarida la The Week in Chess limekuwa likitoa mapambano mapya kila juma tangu mwaka 1994, bila malipo. Mafaili ya mapambano ni maandishi matupu, mepesi mno. Ukiyapakua mara moja kwa bando dogo, utayasoma mwezi mzima simu ikiwa haina mtandao. Upungufu wa hazina hizi ni kwamba hazina maelezo, kwa hiyo zitumie kuongeza mifano ya mpangilio ambao kitabu kimekwisha kukueleza. Kuhusu Kiingereza, alama za hatua hazina lugha, na msamiati wa vitabu hivi ni mdogo, unajirudia. Sababu zako ziandike kwa Kiswahili. Sentensi ya Silman ni rahisi kuinakili bila kuielewa. Ukilazimika kuisema kwa maneno yako, utajua papo hapo kama umeishika. Wawili au watatu wakikutana kwa kitabu kimoja, mmoja akifunua karatasi na wengine wakibishana, gharama inagawanyika na hoja zinachongwa.

Nyenzo moja haiuzwi popote, nayo ni mapambano yako mwenyewe. Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1948, ambaye shule yake ilipitiwa na Karpov, Kasparov na Kramnik, alisisitiza kwamba mchezaji ayachambue mapambano yake kwa maandishi na bila kujionea huruma. Chukua ishirini ya mwisho uliyocheza kwa muda mrefu, si yale ya dakika tatu, na ukague mpangilio wa askari ulivyokuwa kwenye hatua ya kumi na tano. Kwa kawaida utakuta miwili au mitatu inatawala, kwa kuwa ufunguzi wako hubadilika kidogo tu. Hiyo ndiyo itakayokuambia sura ipi ya Flores Ríos usome kwanza, au upakue mapambano ya mkao gani. Kama ni askari wa d aliyebaki peke yake katikati, tafuta hilo tu kwa miezi miwili: mapambano ambayo mwenye askari huyo alishambulia akashinda, na yale ambayo mpinzani alibadilishana kete moja moja mpaka askari akabaki mzigo. Soma pande zote mbili, kwa maana utazicheza zote. Ukiona katika mapambano mapya kwamba hatua uliyoichagua na sababu uliyoiandika vinalingana na za gwiji mara nyingi kuliko zamani, hamia mpangilio wa pili.